Wimbo Bora Asilia

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, walikuwa wamekwisha kumtazama fundi wa ngoma akiwa kazini: ameketi, ngoma ameibana kwa magoti, ngozi mbichi mkononi, na kila anapovuta anavuta kuelekea kifuani pake. Hawezi kuivutia kwa jirani hata akitaka. Maana yake ni kwamba mtu akipewa jambo alisimamie hulielekeza kule anakonufaika yeye, hata kama ameapa kwa viapo vyote kuwa hana upande. Anayebisha na asome habari za Mwalimu Mizani na kile kikombe cha nyimbo za sinema, kisha abishe tena kama bado ana nguvu.

Mwalimu Mizani hakuzaliwa na jina hilo, alilipata kazini. Alifundisha kwaya mpaka akaota mvi, na katika mashindano alikuwa jaji asiyehongeka hata kwa salamu. Mwaka mmoja kwaya ya mdogo wake wa tumbo moja iliimba vizuri, kila mtu akakiri kwamba imeimba vizuri, naye akaitupa nafasi ya mwisho kwa sababu sauti ya pili ilichelewa kuingia kwa muda wa kupepesa jicho. Mdogo wake alikaa muda mrefu bila kumjulia hali. Mwalimu aliumia, lakini pia alifurahi, maana tangu siku hiyo watu walimwita Mizani, na jina hilo alitembea nalo kama mtu aliyevaa koti jipya. Alipostaafu aliacha chaki na madaftari, jina akaondoka nalo.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu hakulisema mbele za watu, ingawa mkewe alikuwa amelisikia mpaka masikio yakaota sugu. Ujanani, kabla hajamjua mke wala ubao, aliimba katika filamu. Hakuonekana hata unywele. Filamu hiyo ilikuwa na wimbo wa wapagazi wa stesheni, na wenye kuitengeneza walihitaji wanaume wa kuitikia wakati nyota wao anaimba mbele na gunia begani. Kiitikio kilikuwa mstari mmoja tu: “Sogea, sogea, treni haisubiri.” Kwa kuwa meno ya mbele ya Mwalimu yana mwanya, kila alipotamka “sogea” ilitoka na mluzi mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka. Fundi wa sauti alimwomba arudi nyuma kidogo, kisha kidogo tena, hadi akafika mlangoni. Wimbo ulirekodiwa yeye akiwa nusu ndani, nusu nje. Hayo si mambo ya mwalimu wa kwaya kuyatangaza. Hata hivyo hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee ya ujana wake iliyobaki duniani, na wajukuu zake, waliomjua babu kwa kukoroma, hawakuiamini hadithi hiyo hata kidogo.

Basi ikatokea kwamba mwanamke mmoja alirithi ukumbi wa sinema kutoka kwa marehemu baba yake, pamoja na paa linalovuja na viti vinavyouma. Watu walimwita Meneja ingawa hakuwa na mfanyakazi hata mmoja wa kumsimamia. Alipokuwa akifagia stoo ili aufungue ukumbi upya, alikuta mikanda minne ya filamu za zamani katika makopo ya bati, na juu yake kikombe kilichoandikwa “Wimbo Bora Asilia wa Filamu”. Akaulizauliza, akaambiwa kwamba nyimbo za filamu hizo nne ziliteuliwa kugombea kikombe hicho enzi za baba yake, lakini majaji waligombana, kiti kikaruka, na kila mtu akaenda kwake. Kikombe kikabaki kama mtoto asiye na baba.

Meneja akaamua kuimaliza kazi hiyo. Angetafuta majaji watatu wenye heshima zao, wazisikilize nyimbo zote nne, na filamu ya wimbo utakaoshinda ndiyo ingesafishwa, ihamishiwe katika mtambo mpya na kuonyeshwa siku ya ufunguzi. Ni moja tu angeweza kuisafisha. Zile tatu zingerudi stoo, na tayari zote nne zilikuwa zimeanza kunuka siki, na mkanda wa filamu ukishanuka siki basi ujue siku zake zinahesabika.

Alipofika kwa Mwalimu kumwomba awe mwenyekiti wa majaji, akazitaja nyimbo moja baada ya nyingine: ule wa dirishani, ule wa harusi, ule wa wapagazi na ule wa mwizi. Aliposema “wapagazi”, moyo wa Mwalimu uliruka kama chura. Mtu mwingine angesema palepale, samahani binti yangu, huo nimo, tafuta jaji mwingine. Mwalimu alikohoa, akarekebisha miwani, akauliza kazi itaanza saa ngapi.

Mkewe alikuwa chumba cha pili akikunja nguo, na ukuta wa nyumba ile haukuwa mnene. Mgeni alipoondoka, akatoka na shuka mikononi.

“Baba watoto, umemwambia kwamba umo?”

“Sauti imo. Mimi simo.”

“Na wewe na sauti yako mmeachana lini?”

Mwalimu akamjibu kwa utulivu mkubwa kwamba yeye ni Mizani, na mizani haina ndugu. Itapima kitakachowekwa juu yake. Mkewe alimtazama kidogo, akampa ncha mbili za shuka amsaidie kukunja. Alivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, hata Mwalimu akapiga hatua moja mbele.

Siku ya siku ilipofika, majaji waliketi safu ya katikati, ambako viti vilikuwa na huruma kidogo. Kulia kwa Mwalimu aliketi Fundi, mama mnene mcheshi aliyewashonea nguo nusu ya watu wa mtaa na kuzijua siri za viuno vyao. Kushoto aliketi Daktari wa meno, mtu mpole, mwenye tabia ya kuongea na wewe huku akikutazama mdomo badala ya macho. Meneja mwenyewe alipanda chumba cha mitambo, akawa anasema nao kupitia kidirisha kidogo cha juu kama malaika mwenye mafua, maana kulikuwa na vumbi.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa dirishani. Mwanamke mwenye gauni refu la hariri alisimama dirishani akamwimbia mtu ambaye hakutokea mpaka filamu ikaisha. Fundi alianza kulia kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Alikuwa amelitazama gauni hilo akiwa msichana, akarudi nyumbani akakata pazia la mama yake ili alishone, akapigwa, na ndiyo ilikuwa safari yake ya kuingia katika ushonaji.

Wa pili ulikuwa wa harusi. Bwana harusi aliimba akitabasamu kwa meno yote, na meno yalikuwa mazuri, lazima tuseme. Daktari alisogea mbele mpaka ukingo wa kiti. Lakini si meno tu yaliyomsogeza. Wimbo ule bibi yake alikuwa akimbembelezea usingizi, na aliposikia ubeti wa pili alitoa leso akajifanya anafuta miwani.

Kisha wapagazi. Mwalimu alishika mikono ya kiti. Injini ikapuliza moshi, nyota akaweka gunia begani, akaimba, na kutoka mahali fulani nyuma ya mabehewa sauti za wanaume zikajibu, “Sogea, sogea, treni haisubiri.” Na ndani ya sauti hizo, chini kabisa, kulikuwa na mluzi. Mwalimu hakuwa ameusikia tangu siku filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana tena, mgongo umegusa mlango, jasho linamtoka kwa hofu ya kukosea mstari mmoja. Alitamani kusimama aseme, ni mimi yule. Badala yake akatikisa kichwa kama mtaalamu.

Wa nne haukuwa na mwenyewe. Mwizi alikuwa amejificha ndani ya kabati huku mwenye nyumba amelala kitandani, na ili hofu isimzidi alijiimbia polepole, kwa sauti ya kunong’ona, hadi Meneja akadhani mtambo umekufa akaugonga kwa kiatu. Fundi aliutumia muda huo kunywa maji.

Taa zilipowashwa, kazi ilianza, na ikakwama papo hapo kwenye neno moja. Kikombe kilisema “Wimbo Bora Asilia”. Bora kila mtu alilielewa. Asilia ndilo lililoleta patashika.

Fundi alisema hakuna la kujadili. Asilia ni kitu kisicho cha kuigiza. Yeye kitambaa asilia na kitambaa cha kuiga anavitenganisha kwa vidole hata gizani. Yule mama wa dirishani aliimba kwa koo lake mwenyewe, na kila mtu anajua kwamba wale wengine walichezesha midomo tu huku mtu mwingine akiimba pembeni. Kwa hiyo asilia ni mmoja, na mwamuzi mwenye macho ameshamwona.

Daktari alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba kwa heshima zote mama amepotoka. Asilia linatokana na asili. Tuna dawa za asili, tuna ngoma za asili, na asili ni kule tulikotoka. Wimbo wa harusi uliimbwa na mabibi zetu kabla hata mashine ya sinema haijabuniwa. Nyimbo nyingine zote zilizaliwa jana, zina asili gani?

Mwalimu Mizani aliwaacha wamalize. Aliona raha ambayo hakuwa ameionja tangu astaafu. Aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akacheka kidogo kwa pua.

“Ndugu zangu,” akasema, “wahenga walituonya. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Fundi anavuta kwenye gauni, Daktari anavuta kwa bibi yake. Tukiendelea hivi ngozi itapasuka, na kikombe kitarudi stoo.”

Wenzake waliinamisha vichwa. Fundi hata aliomba radhi. Mwalimu akaendelea kueleza, taratibu, kwamba wimbo asilia wa filamu ni ule uliotungwa kwa ajili ya filamu hiyohiyo. Kwa maana hiyo wa harusi ulikuwa umejitoa wenyewe. Daktari aliguna, lakini hakuwa na pa kushika. Hapo ndipo Mwalimu angepaswa kukaa. Lau angekaa, hadithi hii isingekuwapo.

Hakukaa. Alisema zimebaki nyimbo tatu, na ili kuzipima kwa haki tujiulize asili ya wimbo wenyewe ni nini. Je, ni sauti? Hata mbuzi ana sauti. Je, ni maneno? Hata wakili ana maneno. Asili ya wimbo, ndugu zangu, ni kuitikia. Mtu wa kwanza aliyeimba duniani hakuwa anaimba mpaka wa pili alipomjibu. Alizunguka safu ya viti, mikono nyuma, akataja kwaya alizofundisha, akataja watoto wanavyocheza na wajenzi wanavyonyanyua boriti. Alipomaliza mzunguko, nusu nzima ya alama ilikuwa imewekwa kwenye kiitikio.

Fundi akauliza kwa unyenyekevu kama yule mama wa dirishani, kwa kuwa yuko peke yake, atapata alama ngapi kwenye kiitikio. Mwalimu alimwambia kwa huzuni ya kweli kwamba hatapata kitu. Na mwizi wa kabatini? Mwenye nyumba alikoroma mara mbili, akasema Mwalimu, lakini kukoroma si kuitikia.

“Kwa hiyo wamebaki wapagazi peke yao,” akasema Daktari.

“Sikusema mimi. Mizani imesema.”

Na kwa ajili ya haki, Mwalimu akamwomba Meneja arudishe kiitikio kile wakisikilize vizuri. Kikarudishwa. Kwa ajili ya haki akaomba kirudishwe tena. Mara ya tatu haki ilikuwa imeshatosha, lakini Mwalimu alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea nyuma, na midomo yake ilikuwa ikicheza.

Nimesema Daktari alikuwa na tabia ya kutazama watu mdomo. Alimtazama Mwalimu, akatazama pazia la sinema, akamtazama tena Mwalimu. Midomo ile haikufuata wimbo, iliutangulia. Kisha akausikia mluzi. Daktari alikuwa ameuchunguza mwanya ule kila mara Mwalimu alipomwendea, na kila mara alikuwa amejitolea kuuziba, na kila mara alikuwa amekataliwa kwa maneno makali kwamba mwanya ni pambo na si ugonjwa.

“Meneja, simamisha kidogo,” akasema. Akageuka. “Mwalimu, ile sauti ya chini ni yako.”

Mwalimu alifumbua macho. Alikuwa na nafasi ya kukiri kwa heshima, akaikosa.

“Siyo,” akasema.

Na hiyo “siyo” ikatoka na mluzi uleule, mwembamba, safi, kana kwamba stesheni imehamia safu ya katikati.

Meneja alicheka kwanza, kule juu, mpaka akapaliwa na vumbi. Fundi alishika mbavu. Daktari alijizuia kwa kuwa ni mtu mpole, lakini mabega yalimsaliti. Walipochoka kucheka, Fundi alipangusa machozi, na bila ubaya wowote akamwuliza Mwalimu ile methali yake ilikuwa inasemaje.

Mwalimu Mizani aliinamisha kichwa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alimkumbuka mdogo wake na ile kwaya yake, jinsi alivyomnyima neno moja zuri kwa ajili ya haki, na sasa ile haki ilikuwa imekaa hapa imevaa koti la mpagazi. Alikiri yote, mpaka habari ya mlangoni, nusu ndani nusu nje. Akasema anajiuzulu uenyekiti na ujaji pia, na kwamba wasimwite tena Mizani. Daktari alimshika bega, akamwambia ukweli wa mambo ni kwamba wote watatu wamo kwenye ngoma moja.

Lakini kikombe kilikuwa bado hakina mwenyewe. Meneja alisema ametafuta majaji kwa taabu na hana pa kupata wengine. Anahitaji sasa mtu mmoja tu asiye na wimbo wake hapa, mtu ambaye hajawahi kuziona filamu hizi hata moja. Akatupa macho kupitia kidirisha cha upande wa ukumbi wa kuingilia, akauliza yule mama aliyekaa kwenye benchi ni nani.

Alikuwa mke wa Mwalimu. Alikuja kumpitia mumewe waende kumwona binti yao, akakaa nje kwa kuwa sinema tangu zamani humuumiza kichwa. Hakuwa ameiona filamu yoyote kati ya zile nne, hata ile ya mumewe.

Mwalimu alipinga. Alisema haifai, watu watasema nini, mke wa mshtakiwa hawezi kuwa hakimu. Alipinga kwa mdomo kwa muda mzuri. Moyoni, tusimfiche, alikuwa amekwisha kushangilia. Mwanamke aliyemzalia, aliyeisikia hadithi ya mlangoni maisha yake yote, angevuta upande gani kama si wake? Hata aibu ilianza kumtoka kidogo kidogo.

Daktari alisita, lakini Fundi hakusita hata kidogo. “Mkewe ndiye mtu wa haki kuliko wote,” akasema. “Mimi mume wangu nampenda, lakini simpi kura hata ya kuchagua chumvi ya kutosha kwenye chungu.”

Basi mama akaingizwa, akaamkiwa na wote, akapewa kiti kisichouma. Alielezwa kazi, na akaelezwa pia yaliyotokea, kwa kuwa Meneja hakuweza kujizuia. Mama alimtazama mumewe aliyekaa pembeni ameziba mdomo kwa kiganja, kama walivyomwamuru. Akasema haya, chezesheni hizo nyimbo.

Aliutazama wa dirishani akasema gauni ni zuri. Aliutazama wa harusi akatikisa kichwa kwa mdundo, na Daktari akapata matumaini. Wapagazi walipoanza alikaa wima. Kiitikio kilipofika, mluzi ukapita, mama akatabasamu polepole, tabasamu ambalo Mwalimu hakuwa ameliona siku nyingi. Mwalimu nusura aondoe kiganja. Aliona filamu yake imesafishwa, ukumbi umejaa, wajukuu safu ya mbele midomo wazi. Wimbo wa mwizi ulipoanza hakuusikiliza hata. Laiti angetazama, angemwona mkewe akivua viatu, akilaza kichwa nyuma, akifumba macho.

Wimbo ukaisha. Mama hakufumbua macho mara moja.

“Huu,” akasema.

Meneja akauliza kwa sauti kutoka juu kama amesikia vizuri.

“Huu wa mwizi. Nyumba yangu imekuwa na mwalimu wa kwaya tangu naolewa. Asubuhi ni sauti ya kwanza, mchana sauti ya pili, usiku anakoroma sauti ya tatu. Sijapata kusikia mwanamume akiimba polepole ili asimwamshe mtu. Kama kikombe ni changu kukitoa, mpeni yule mwizi.”

Walicheka mpaka viti vikalia. Fundi alikubali kwa moyo mweupe, kwa kuwa afadhali mwizi kuliko harusi, na Daktari alikubali kwa kuwa afadhali mwizi kuliko gauni. Meneja alikubali kwa haraka kuliko wote, maana mkanda wa mwizi ndio ulikuwa mfupi na haukunuka sana. Kikombe kikapanguswa, kikawekwa juu ya kopo la mwizi. Makopo mengine matatu yakachukuliwa kurudi stoo. Mwalimu aliomba alibebe lile la wapagazi mwenyewe. Aliliweka juu ya rafu, akalisukuma ndani kidogo lisianguke, na harufu ya siki ikamfuata mpaka mlangoni.

Wakatoka. Walipita mbele ya duka la mikate, wakapita kwa fundi viatu. Mwalimu alihuzunika, na hakuficha huzuni yake. Alitembea kama mtu aliyetoka kuzika.

“Mama watoto,” akasema mwishowe, “ule mkanda hautachezwa tena. Utaoza. Leo ndiyo nimejisikia mara ya mwisho.”

“Najua.”

“Wote walikuwa wanavuta kwao. Na wewe ungevuta kwako, nani angekulaumu?”

“Nimevuta.”

Mwalimu akasimama katikati ya njia, hata mtu wa baiskeli akalazimika kumkwepa. Akamkumbusha mkewe kwamba amevuta kwa mwizi. Mkewe naye alisimama, akamwondoa njiani kwa kumshika kiwiko.

“Yule kijana wa mlangoni simjui,” akasema. “Aliimba kabla hajaniona. Nilimsikiliza vizuri, ana sauti nzuri, lakini hana habari na mimi, na mimi nimsafishie filamu ya nini? Wangu ni huyu anayepiga mluzi bafuni kila siku. Huyo hawezi kwenda kukaa ukumbini akisikilizwa na kila mwenye tiketi.”

Mwalimu alifikiri. “Lakini umesema mbele ya watu kwamba nimekuchosha kwa kelele.”

“Umenichosha, ndiyo. Lakini ni kelele zangu.”

Alisema hivyo bila kumtazama, akatangulia. Mwalimu alibaki nyuma akitafuta la kujibu, mtu aliyefundisha wengine kuitikia maisha yake yote, na hakupata hata mstari mmoja. Alipanua hatua, akamfikia, akamshika mkono mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya barabarani kwa muda mrefu, na watu wakageuka kutazama.

Hivyo ndivyo kikombe kilivyompata mwenyewe. Fundi alivuta, Daktari alivuta, Mizani alivuta huku akiwakemea wenzake, na yule aliyeletwa kwa sababu hakuwa na upande akavuta kuliko wote, akaondoka na mzee wake mkononi. Hakika mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.